Mama Pindo: fundi aliyejipunguza kwa kura yake mwenyewe

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Mama Pindo ana pini nne mdomoni na zipu moja mkononi, na zipu ndiyo inayomtoa jasho.

Ukumbi wa kushonea bado haujachangamka. Kati ya cherehani thelathini na mbili, zinazolia ni tatu tu. Huko juu ofisini mtu anaburuta kiti. Kwenye meza ya umaliziaji, chini ya taa ndefu inayopepesa sana kabla ya kukubali kuwaka, mama wa miaka hamsini na moja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni ameinamia suruali ya kijivu kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Meno ya zipu yameangalia wapi hapo?" inauliza sauti nyuma yake.

Pini zinamzuia kujibu. Ananyoosha kidole.

"Basi umeishona kichwa chini. Fumua."

Anatoa pini mdomoni, moja moja. "Ningeulizwa kabla sijashona ningeshukuru."

"Na mimi ningeulizwa kabla hujashona ningeshukuru. Fumua, wifi."

Anayemfokea ni mke wa mdogo wake, mwanamke wa miaka thelathini na nne ambaye ukumbi mzima, kuanzia wafagiaji hadi meneja, unamwita Wifi. Waliiga kwa Mama Pindo, na sasa hata wanaume wanamwita hivyo bila kuona ajabu. Miaka sita iliyopita Wifi aliingia kiwandani hapa hajui hata kutunga uzi kwenye cherehani ya umeme. Aliyemfundisha ni huyu huyu anayefumua.

Alhamisi ijayo kuna mtihani. Mafundi tisa waliopoteza nafasi zao watagombea viti sita. Atakayeshindwa, siku yake ya mwisho kazini ni Jumamosi. Mama Pindo ni mmoja wa hao tisa, na kati yao wote ni yeye peke yake aliyefika hapo kwa mkono wake mwenyewe.

Jina la Mama Pindo amelipata kazini. Kiwanda kinashona sare: za wanafunzi, za wauguzi, za walinzi. Kwa miaka kumi na tisa nguo zilipita kwake kabla ya kwenda kwa fundi pasi. Kazi yake ilikuwa moja tu, kukunja ncha ya nguo na kuishona isionekane kwa nje. Hapo hana mpinzani. Fundi pasi anasema ukimpa suruali mia moja usiku wa giza atazichambua zile alizozipinda Mama Pindo kwa kupapasa tu. Huenda anatia chumvi, lakini ukumbini hakuna aliyembishia.

Zipu, mifuko, nembo na matundu ya vifungo vilikuwa na wenyewe. "Mimi nilijua pindo," anasema. "Mtu akiniletea zipu namwambia umekosea meza. Nilikuwa nasema kwa majivuno kabisa."

Miezi minne iliyopita, kampuni ya ulinzi iliyokuwa mteja mkubwa kuliko wote haikuongeza mkataba. Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi themanini na sita na kazi ya kuwatosha hamsini na kitu. Maji yalikuwa yamefika shingoni, ila waliojua walikuwa meneja na mhasibu tu.

Ndipo likaja tangazo.

Meneja alimwagiza karani wake aandike tangazo la kikao cha kupunguza wafanyakazi, kisha akamrudisha. Hilo neno wafanyakazi liondoe, akamwambia, watu watashtuka bure. Karani akaliondoa. Asubuhi iliyofuata, ubaoni karibu na mlango wa ukumbi kukawa na karatasi inayosema: "Jumanne saa nne, kikao cha kupunguza. Wote mhudhurie."

Sasa mahali pengine popote watu wangeanza kunong'ona. Lakini kwa fundi cherehani, kupunguza ni kazi ya kila siku. Nguo ikimpwaya mtu unaipunguza. Wiki mbili kabla yake, suruali mia tisa za walinzi zilikuwa zimerudishwa na mteja kwa kuwa zilikuwa pana kiunoni. Ukumbi mzima ukaelewa hivyo, tena ukashukuru kwamba angalau kazi ipo.

Jumanne saa nne wakaja na futikamba shingoni, mikasi mkononi, chaki nyuma ya sikio. Fundi pasi alikuwa ameshachomeka pasi yake kwenye umeme. Meneja alipoingia na kuwakuta wamejipanga hivyo, alidhani siri imevuja.

"Kumbe mmeshajua," akasema.

"Tumejua, bosi," akajibu Mkasi, mkuu wa wakata vitambaa, mwanaume mrefu wa maneno mengi. "Tuko tayari. Tunapunguza kiasi gani?"

"Ishirini na nane."

"Inchi ishirini na nane?" Mkasi akajishika kiuno. "Bosi, huyo mlinzi atabaki na nini cha kufungia mkanda?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kuna waliojishika mbavu. Meneja alisubiri kicheko kiishe, na kilikuwa kirefu.

"Watu," akasema. "Watu ishirini na nane."

Mama Pindo anakumbuka kwamba katika kimya kile aliisikia pasi ikitoa mvuke, na hakuna aliyekwenda kuizima. Anakumbuka pia kwamba meneja aliingiza mkono mfukoni, ukakaa humo, ukatoka mtupu.

"Orodha unayo?" akamuuliza. Hata leo hajui ulimi ulimtoka vipi.

"Ninayo."

"Umeandika na nani?"

"Na mhasibu."

"Mhasibu anajua nani anafanya nini humu ndani?"

Mhasibu alikuwa amesimama mlangoni. Akaviangalia viatu vyake.

Meneja hafichi kwamba mpango wake ulikuwa mwingine. "Nilikuwa nimepanga dakika kumi," anasema akiwa ofisini kwake, dirisha likitazama ukumbi. "Nisome majina, niseme poleni, nitoke. Nilipowaona wamesimama na futikamba, wamejiandaa kufanya kazi, nilishindwa hata kuitoa ile karatasi mfukoni. Niliona aibu, sitaki kukudanganya."

Wiki iliyofuata alimleta mshauri, mwanamke kijana mwenye begi lililojaa kadi za rangi na kalamu nene. Wafanyakazi wakagawanywa vikundi sita kufuata idara. Kila kikundi kingekutana mara nne, kiseme kazi zipi ziachwe, zipi ziunganishwe, na utumike utaratibu gani kuchagua nani abaki. Meneja aliahidi mambo mawili mbele ya wote. Uamuzi wa mwisho ungekuwa wake, lakini pendekezo lolote atakalolikataa atasimama hapo hapo ukumbini aeleze kwa nini.

Kikundi cha umaliziaji kilikuwa na watu kumi na watano: wa pindo, wa zipu, wa vifungo, wa pasi. Kilimchagua Mama Pindo kuwa mwenyekiti. Yeye anasema walimchagua kwa sababu ya lile swali la Jumanne. Fundi pasi anasema walimchagua kwa sababu ana sauti ya kuita mtoto kutoka mtaa wa tatu.

Kikao cha kwanza kilidoda. Mshauri alipanga viti vizuri, akagawa kadi, akauliza wana maoni gani. Watu wakatazama kadi. Akauliza tena kwa upole zaidi. Mtu mmoja akakohoa. Baada ya saa nzima, ubaoni kulikuwa na kadi mbili tu, na moja ilikuwa imeandikwa "Hatuna la kusema".

"Yule binti alikuwa karibu kulia," anasema Mama Pindo. "Nikamfuata nje. Nikamwambia, mwanangu, hujakosea maswali. Umetukalisha mikono mitupu. Fundi akikaa mikono mitupu anaona anahojiwa polisi. Tupe kitu cha kushika."

Kikao cha pili wakakifanyia kwenye meza yao wenyewe, na katikati ya meza Mama Pindo akamwaga gunia la vifungo vilivyochanganyika, vya rangi na saizi zote, vilivyokaa ghalani miaka mingi bila mtu wa kuvichambua. Mshauri alikunja uso. Alidhani watamsikiliza nusu nusu. Lakini mikono ilipoanza kuchambua, midomo nayo ikafunguka. Mwenye zamu ya kusema anashika chaki. Akimaliza anampa jirani. Ndani ya saa moja na nusu kadi zilijaa ubao na nyingine zikabandikwa kwenye mlango wa kabati.

Kwanza walitoa yaliyokuwa yamewakaa rohoni. Kwamba suruali moja inatembea ukumbi mzima mara tatu kabla haijamalizika. Kwamba nguo inapigwa pasi, inarudi kwenye vifungo, inajikunja, inapigwa pasi tena. Kwamba mtu analipwa saa za ziada Jumamosi kwa kazi aliyoisubiri bila kufanya chochote Jumatano. Mshauri aliandika mpaka kalamu ikaisha wino.

Kisha mtunza ghala, aliyekuwa amepita tu kuulizia gunia lake la vifungo, akasema neno lililogeuza mambo.

"Ile siku mlikuja na futikamba mkacheka," alisema. "Lakini mimi kila msimu nawafukuza watu pale getini. Mzazi anakuja, sare ya mtoto inampwaya, anaomba apunguziwe. Nesi gauni linambana, anaomba aongezewe. Nawaambia hapa tunashona jumla, nendeni kwa mafundi wa barabarani. Nawafukuza wengi kuliko ninaowapokea."

Chaki ikabaki mkononi kwa mtu bila kusogea. Kisha watu wote wakasema kwa pamoja.

Ndivyo lilivyozaliwa dirisha la marekebisho, ambalo sasa mafundi waashi wanamalizia kulitoboa kwenye ukuta unaotazama barabara. Litakuwa na viti sita. Kikundi kilipeleka hesabu, mhasibu akaipitia mara mbili, na meneja akakubali.

Si yote yaliyokubaliwa. Kikundi cha ghala kilipendekeza wote wabaki na kila mmoja akatwe theluthi ya mshahara. Meneja alisimama, akaeleza: mafundi wazuri wangehama ndani ya miezi mitatu, na wangebaki wasio na pa kwenda. Wengine walinung'unika, lakini walielezwa. Kikundi cha wakata vitambaa kiliuliza kwa nini meneja ana dereva wa peke yake. Hilo alilimeza kwa taabu. Dereva sasa anasambaza mizigo, na meneja anajiendesha mwenyewe, vibaya, kwa maoni ya dereva.

Watu kumi na mmoja walijitolea kuondoka na malipo yao, wengi wakiwa wamekaribia kustaafu. Kwa matumizi yaliyobanwa ziliokolewa nafasi nne. Zikabaki kumi na tatu za kufutwa, na nne kati ya hizo zilikuwa za umaliziaji. Kwenye meza ya pindo walikuwa wawili. Atabaki mmoja.

Wawili hao walikuwa Mama Pindo na Wifi.

"Hapo ndipo nilipoacha kulala vizuri," anasema Mama Pindo.

Ana sababu. Mshahara wake unalipa kodi ya vyumba viwili na ada ya bintiye, aliye mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu; kinachobaki kinafika wiki ya tatu kikiwa kinachechemea. Mume hana, alifariki binti akiwa darasa la pili. Lakini Wifi naye si kwamba anakuja kazini kupunga upepo. Mumewe, mdogo wake Mama Pindo, alianguka kwenye jengo miaka mitatu iliyopita akavunjika nyonga, na tangu hapo kazi nzito hawezi. Watoto wao ni watatu.

Swali la kikao cha tatu lilikuwa utaratibu. Mkono wa kwanza ulioinuka ulisema aliyetangulia kuajiriwa abaki. Ni jambo linaloeleweka na watu, na vichwa vingi viliitikia. Kwa utaratibu huo Mama Pindo na miaka yake kumi na tisa yuko salama salimini, na Wifi na miaka yake sita yuko nje.

Jioni ile Wifi alimngojea kwenye sehemu ya kubadilishia nguo.

"Umelipanga vizuri, wifi."

"Nimepanga nini? Mimi sijasema hata neno."

"Ndiyo. Mwenyekiti hasemi. Wanamsemea."

Kwa siku kumi hawakusemezana, wakiwa wamekaa meza moja, viwiko vinagusana. Mkasi wa kukatia uzi ulikuwa mmoja. "Nilifanywa mkalimani," anasema fundi pasi. "Mmoja ananiambia, mwambie huyo aliyekaa hapo anipe mkasi. Mwingine anauliza, anautaka wa nini? Na mimi nina pasi ya moto mkononi."

Jumapili ya katikati mdogo wake akaja nyumbani kwake, akitembelea fimbo. Alikataa chai, na hapo dada mtu akajua kuna jambo.

"Dada, sikuja kukuomba kura."

"Sasa umekuja kuomba nini?"

"Nimekuja kukukumbusha kwamba nyumba yangu inakula kwa mkono wa mke wangu."

"Na yangu inakula kwa mkono wa nani?"

Mdogo wake aliinywa ile chai aliyoikataa, akaaga. Mama Pindo anasema alimtazama akishuka ngazi, mguu mmoja kwanza kisha mwingine, akajiona mbaya, halafu akakasirika kwa kufanywa ajione mbaya.

Kabla ya kikao cha nne mshauri aliwaomba waandike kila mmoja anachojua kufanya, kadi moja kwa kila kazi, wabandike chini ya namba zao ukutani. Wifi alibandika kadi tano: pindo, zipu, mfuko, tundu la kifungo, nembo. Zote alijifunza mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kukaa na wenye meza zao wakati wa mapumziko ya chakula. Chini ya namba ya Mama Pindo ilikaa kadi moja.

"Niliitazama ile kadi," anasema. "Miaka kumi na tisa. Nikasema, ee, hivi nilikuwa nafanya nini wakati wa chakula? Nilikuwa nakula."

Ndipo likaja pendekezo la pili: abaki mwenye kazi nyingi mkononi, miaka ihesabiwe kwenye malipo tu. Waliligombania asubuhi nzima. Wakongwe walisema huko ni kuwatupa waliokijenga kiwanda. Vijana walisema mteja hanunui miaka ya mtu. Kupiga kura kukawa hakuepukiki.

Saba kwa saba.

Kanuni waliyojiandikia wenyewe ilisema mwenyekiti hapigi kura isipokuwa zikilingana. Hakuna aliyeisoma kwa sauti. Hapakuwa na haja. Watu kumi na watatu waliacha vifungo wakamtazama, na Wifi ndiye pekee aliyeendelea kuchambua, ameinamisha kichwa, anaweka vyeusi kwenye bakuli la vyeupe.

Mama Pindo alimuuliza mshauri kama anaweza kujizuia. Mshauri akasema kanuni ni yao, si yake. Akaomba maji, akaletewa, akayanywa yote, na glasi ilipoisha bado walikuwa wanamtazama.

"Kadi," akasema.

"Kadi nini, Mama?" akauliza aliyekuwa anaandika.

"Abaki mwenye kadi nyingi. Andika kabla sijabadilisha."

Ameulizwa sana kwa nini, na kila mara jibu lake linawavunja moyo wanaotaka kusikia habari za moyo wa dhahabu. "Nilikuwa nimeona oda zinazokuja," anasema. "Mteja wa hospitali anataka mifuko minne kwa gauni. Wa shule anataka nembo na zipu. Ukibakiza watu wa kazi moja moja kama mimi, mwakani tunafunga wote, halafu hiyo miaka yangu kumi na tisa nitaipeleka wapi?" Anafuta miwani. "Na nilikuwa nimemkasirikia Wifi. Alisema nimepanga. Nilitaka aone."

Kisha anasema la tatu, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba alipotoka pale alikwenda chooni akalia mpaka akachelewa chakula.

Bintiye alimpigia simu jioni.

"Mama, nasikia mmepiga kura. Umejichagua?"

"Nimepiga."

"Nimeuliza umejichagua?"

"Soma, mwanangu. Maliza chuo. Ya hapa niachie mimi."

Wifi hakushukuru. Siku ya pili alikuja, akakaa, akatazama mbele. Karibu saa sita akasema, bila mkalimani, "Ungenipigia kelele ingekuwa rahisi." Mama Pindo akamwambia kelele anazo, asubiri zamu yake. Hapo ikaisha, au ilianza kuisha. Wiki iliyofuata Wifi alivuta kiti cha pili kwenye cherehani ya zipu, akakipiga vumbi kwa kiganja, akasema, "Kaa."

Tangu hapo wamekaa kila asubuhi, robo tatu ya saa kabla kengele ya kazi haijalia, na tena wakati wa chakula. Wifi hana huruma. Miaka sita iliyopita Mama Pindo alimchapa vidole kwa futikamba kila pindo lilipopinda, na Wifi hajasahau hata kidole kimoja. Mpaka sasa Mama Pindo amefumua zipu arobaini na moja. Fundi pasi ndiye anayehesabu. Mfuko ameuweza. Kupunguza kiuno anaweza hata akiwa amefumba macho, kwa kuwa mwisho wa yote ni kukunja na kushona. Zipu ndiyo inamkataa.

Mtihani utakuwa na nguo tatu: koti la kupunguza, gauni la kuongeza, suruali ya kubadilisha zipu. Nguo zitakuwa na namba, si majina. Utaratibu huo pia uliandikwa na vikundi, na vikundi vilimchagua Wifi kuwa mmoja wa majaji watatu. Alikataa.

"Pindo lake kila mtu analijua," Wifi anaeleza huku akikwaruza nta kwenye kidole. "Waweke namba, wasiweke, nitalijua. Nikimpa alama, watu watasema nimembeba kwa sababu ya undugu. Nikimnyima, nyumbani sitakalika. Bora nimfundishe, wengine wampime."

Si wote wanaoona vikao hivi vilikuwa na maana. Mkasi, yule mkuu wa wakata vitambaa, amefunga virago baada ya miaka ishirini na miwili; kati ya wale kumi na watatu, yeye na wengine watatu hawakuutaka mtihani. Kwa hesabu za kikundi chake mwenyewe meza ya kukata ilihitaji watu wanne, na kadi zake zilikuwa mbili. Jana alikuja kuchukua mkasi wake mkubwa, ambao ni mali yake, akauzungushia gazeti. "Nimeulizwa, nimejibu, nimesikilizwa," anasema. "Na bado naondoka. Kwa hiyo usiandike kwamba tulifurahi." Kisha akapita meza kwa meza kuwaaga, na ikamchukua karibu saa nzima.

Mama Pindo hambishii. Anajua kwamba Alhamisi kati ya tisa watatu watakwenda njia ya Mkasi, na mmoja wa hao tisa ni fundi wa vifungo ambaye aliupinga utaratibu wa kadi na sasa hamsalimii. "Ana haki," anasema. "Kanuni tulitunga sote, lakini maumivu kila mtu anakwenda nayo kwake."

Akishindwa, atapata malipo ya miezi tisa. Yatamaliza ada ya binti na kodi ya nusu mwaka. Nyumbani ana cherehani ya mkono aliyoachiwa na shangazi yake, ataiweka karibu na mlango, na majirani wameshaanza kumletea suruali za kupinda kabla hata hajawaambia.

"Lakini kiti cha dirishani nakitaka," anasema ghafla, kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Watu wanadhani nikipiga kura vile basi sina haja. Nakitaka sana. Nataka mtu aje na gauni limembana, akae pale ananisubiri, aondoke limemkaa. Miaka yote hii nguo zangu zimevaliwa na watu nisiowaona."

Kengele ya kazi imebakiza dakika tano. Wifi anaichukua ile suruali ya kijivu, zipu ya arobaini na mbili. Anaipandisha, anaishusha, anaipandisha tena. Anageuza ndani, anakaribisha macho kwenye mshono.

"Hii iache," anasema.

Mama Pindo hajibu. Pini zote ziko kwenye mto wake, mdomo uko wazi, na bado hajibu.

Vikao havijaisha. Kila Ijumaa vikundi vinakutana nusu saa, na meneja amekubali viendelee hata baada ya watu kupungua. Karani anataka ajenda za kikao kijacho leo hii, na mwenyekiti wa umaliziaji bado ni Mama Pindo mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Kikao kijacho ni siku moja baada ya mtihani. Anavuta karatasi, anavaa miwani, anaandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara.

Ya kwanza: kuwakaribisha mafundi sita wa dirisha la marekebisho.

Ya pili: kumchagua mwenyekiti mpya.

Wifi amesimama nyuma yake, anasoma juu ya bega. Anaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, anatoa penseli fupi yenye kifutio, aliyoichonga kwa wembe, anaiweka juu ya karatasi.

"Hiyo ya pili ikate," anasema. "Iandike upya kwa hii, wifi."